Nimejipangia kurasa kumi kwa siku: je, nitaufaulu mtihani wa biolojia wa kupata krediti za chuo?

SWALI

Mwalimu, shikamoo.

Mimi ni binti wa Tukuyu, wilayani Rungwe. Nilimaliza kidato cha sita mwaka juzi katika mchepuo wa PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia), nikapata C katika Biolojia, kisha nikaenda JKT, na tangu niliporudi nimekuwa nikimsaidia mama katika kazi ya kukusanya na kuchambua parachichi kwa ajili ya wanunuzi. Mwaka jana niliomba nafasi katika vyuo kadhaa vya Marekani, na kwa neema ya Mungu chuo kimoja kimenikubali kusoma shahada ya afya ya jamii kuanzia mwishoni mwa Agosti. Ufadhili niliopewa unalipia sehemu tu ya ada. Kiasi kilichobaki kitachangwa na mama, kaka yangu mkubwa na baba mdogo anayeishi Mbeya mjini, kwa hiyo kila kinachoweza kuokolewa tunakihesabu.

Katika maelezo niliyotumiwa nilisoma kwamba mwanafunzi anaweza kufanya mtihani uitwao CLEP, na akifaulu anaandikiwa krediti za somo husika, yaani vipimo vya masomo vinavyojumlishwa mpaka shahada ikamilike, bila kukaa darasani. Upo wa biolojia, na chuo chenyewe kina kituo cha kuufanyia, hivyo nimekusudia kuufanya mara nitakapowasili, kabla masomo hayajaanza.

Nina kitabu kinene cha biolojia alichoniachia binamu yangu, chenye kurasa zaidi ya 1,400. Nimezigawa kurasa hizo kwa siku zilizopo kuanzia sasa, mwanzoni mwa Machi, hadi mwisho wa Julai, nikapata kama kurasa kumi kwa siku, na kila ukurasa ninauandikia muhtasari katika daftari. Nimeanza na sura za kemia ya viumbe hai. Tatizo ni kwamba siku ambazo magari ya mzigo yanakuja narudi nyumbani usiku nikiwa hoi, kurasa zinalimbikizana, na Jumapili yote inaishia katika kulipa deni la juma zima. Tena nikiingia sura mpya naona ile ya kwanza imeshaanza kufutika.

Nyumbani kila mtu ana lake. Kaka anasema najisumbua, kwa kuwa niliyoyasoma kidato cha sita yanatosha. Mama anataka niache kazi ya parachichi mpaka nitakaposafiri. Binamu ananishauri nilipie tuisheni Mwanjelwa, jijini Mbeya, kwa mwalimu anayewafundisha watahiniwa wa kujitegemea. Naomba uniambie, Mwalimu: ratiba yangu itanifikisha? Na kama haitanifikisha, nisome nini kwanza, na nimsikilize nani?

Binti wa Tukuyu

JIBU

Marahaba, binti yangu. Ratiba yako haitakufikisha, na kasoro yake haimo katika bidii yako. Umekipangia muda kitabu, na mtihani wenyewe bado hujaupangia. Lakini hata kabla ya kuigusa ratiba, lipo jambo la kufanya juma hili ambalo hukulitaja katika barua yako, nalo linaweza kukuokoa fedha nyingi au kukuokoa na kazi isiyo na faida.

Iandikie barua pepe ofisi ya msajili wa chuo chako. Mtihani wa CLEP huendeshwa na shirika la College Board, lakini krediti hutolewa na chuo, na kila chuo kina kanuni zake. Baraza la Elimu la Marekani, ACE, linapendekeza kwamba mtahiniwa aliyepata alama 50 katika biolojia apewe krediti 6 za muhula, yaani kiasi cha somo la biolojia la mwaka wa kwanza linalosomwa kwa mihula miwili. (Hizo 50 usizisome kama asilimia, kwa sababu alama za mtihani huu hupangwa katika mizani inayoanzia 20 na kuishia 80.) Hilo ni pendekezo tu. Chuo chako kinaweza kutaka alama ya juu zaidi, kinaweza kutoa krediti pungufu, na kinaweza kukataa kabisa kuzihesabu katika programu fulani. Kwa hiyo usiulize tu kama wanaukubali mtihani wa CLEP wa biolojia, kwa maana watakujibu "ndiyo" na utabaki pale pale. Uliza kama krediti zake zitaingia katika masomo ya lazima ya shahada ya afya ya jamii, au zitaandikwa tu kama masomo ya hiari. Na uliza kama zinafuta pia sehemu ya maabara, kwa sababu mtihani huu ni wa nadharia peke yake, na vipo vyuo vinavyomtaka mwanafunzi aisome maabara hata baada ya kuufaulu. Kama moyoni una nia ya kuhamia uuguzi au udaktari baadaye, jambo ambalo wengi wanaoanzia afya ya jamii wanalo hata wasipolisema, liulize mapema. Shule nyingi za udaktari za huko hazipokei krediti za mtihani wa namna hii badala ya biolojia ya darasani, na uuguzi hudai anatomia na fiziolojia yenye maabara, ambayo CLEP haiigusi.

Katika barua hiyo hiyo uliza kuhusu cheti chako cha kidato cha sita. Vipo vyuo vya Marekani vinavyompa krediti mwanafunzi aliyefaulu masomo ya kidato cha sita kwa kiwango cha principal, na C yako imo katika kiwango hicho. Ikiwa chuo chako ni mojawapo, huenda biolojia utaandikiwa bila mtihani wowote, na kwa kuwa vyuo havitoi krediti mara mbili kwa somo moja, juhudi zote hizi ungezielekeza katika mtihani wa somo jingine. Nimeona wazazi wakitafuta fedha za mtihani huku cheti chenye thamani ile ile kikiwa kabatini.

Halafu uliza namna ada inavyotozwa. Baadhi ya vyuo hutoza kwa kila krediti, na hapo krediti 6 zilizopatikana kwa mtihani ni fedha inayobaki mfukoni moja kwa moja. Vingine hutoza ada moja ya muhula kwa kila mwanafunzi wa muda wote, awe amechukua krediti 12 au 15, na hapo hutaona nafuu yoyote mpaka krediti hizo zifupishe safari yako yote kwa muhula mzima. Shahada ya kwanza ya huko kwa kawaida hukamilika kwa krediti zipatazo 120, hivyo krediti 6 peke yake hazikupunguzii muhula. Tena, wewe utakuwa na viza ya mwanafunzi ya F-1, ambayo inakutaka usome angalau krediti 12 kila muhula ukiwa shahada ya kwanza, na krediti za mtihani hazijazi hesabu hiyo. Mama, kaka na baba mdogo wanaochanga wanastahili kuyajua haya kabla ya kujenga matumaini juu ya fedha isiyokuwepo.

Sasa tuseme majibu yamekuja na mtihani una faida. Utazame ulivyo. Una maswali yapatayo 115 ya kuchagua, kila moja likiwa na majibu matano, yanayofanywa kwa kompyuta katika dakika 90. Gawanya mwenyewe: ni kama sekunde 47 kwa swali. Jibu lisilo sahihi halikatwi alama, kwa hiyo hakuna swali la kuachwa wazi. Ada yake inakaribia dola 100, kituo kinaweza kuongeza ada yake ya usimamizi, na ukishindwa huruhusiwi kuurudia mpaka ipite miezi mitatu. Kwa kuwa utaufanya Agosti, maana yake kwako ni kwamba huna nafasi ya pili kabla ya kujiandikisha masomo.

Maswali hayo yamegawanywa katika mafungu matatu yanayokaribiana sana kwa uzito, kila fungu likichukua theluthi moja. La kwanza ni la molekuli na seli: kemia ya viumbe hai, muundo wa seli, vimeng'enya, usanisinuru na upumuaji wa seli, mgawanyiko wa seli, DNA na utengenezaji wa protini. La pili ni la kiumbe mzima: muundo na kazi za mimea, hasa ile itoayo maua, mifumo ya mwili wa mnyama, uzazi na ukuaji, pamoja na kanuni za urithi. La tatu ni la jamii za viumbe: ekolojia, mageuko, tabia za wanyama, na masuala ya biolojia katika maisha ya binadamu kama vile ongezeko la watu na matumizi ya elimu ya jeni.

Iweke ratiba yako kando ya mgawanyo huo. Vitabu vinene vya biolojia vya namna uliyo nayo huanza na kemia na seli, na ekolojia huiweka mwisho kabisa. Kwa mwendo wa kurasa kumi, mwezi mzima wa Machi na sehemu ya Aprili ungeishia ndani ya seli, ambayo ndiyo mada uliyoisoma kwa kina zaidi tangu kidato cha tano, na ekolojia ungeifikia siku za mwisho za Julai huku ukifunga mizigo. Katikati ungepita sura nyingi za aina za viumbe, kuvu baada ya mwani, ambazo kitabu huzipa kurasa tele na mtihani huu hauzipi fungu la peke yake. Theluthi nzima ya alama ungeiachia uchovu.

Kwa hiyo kifunge kitabu kwa muda, na uanze na maswali. College Board hutoa orodha ya mada na maswali ya mfano; yatafute hayo, uyafanye kwa saa, bila kusoma kwanza, na bila kumwonyesha mtu matokeo. Utapata alama ambazo hazitakupendeza, na hilo halina neno, kwa sababu unachokitafuta ni mpangilio wa makosa yako. Kila ulilokosa liandikie ni la fungu lipi na umelikosa kwa nini: hukulijua, ulilijua ukalisahau, au ulilijua ukalisoma vibaya. Makosa ya aina hizi tatu yana dawa tofauti, na ni la kwanza peke yake linalodai sura nzima ya kitabu. La pili linadai kurasa chache na marudio. La tatu halidai kitabu chochote. Linadai mazoezi ya kusoma swali, na kwa uzoefu wangu ndilo linalowaangusha watahiniwa wazuri wa kidato cha sita. Ulizoea karatasi mbili za nadharia na moja ya vitendo, ambamo ukieleza kwa upana unapata alama hata kama hukugonga penyewe. Hapa unapewa majibu matano, mawili yakiwa kweli kwa namna fulani, na moja tu likijibu kile kilichoulizwa.

Nitakuonyesha kwa mfano, kwa maana hili ni rahisi kulikubali kwa maneno na kulisahau mbele ya kompyuta. Chukulia swali hili: katika jamii fulani inayofuata kanuni ya Hardy na Weinberg, ile inayounganisha kiwango cha jeni na idadi ya watu walio nalo, mtoto mmoja kati ya 100 huzaliwa na sikoseli; je, ni sehemu gani ya watu hao waliobeba jeni hilo bila kuugua? Mwanafunzi aliyekariri kanuni anaiandika yote, anaitazama, na sekunde zinakwenda. Aliyefanya mazoezi anaona mara moja kwamba mmoja kati ya 100 ni mraba wa kiwango cha jeni, kwa kuwa mgonjwa amelirithi kwa baba na kwa mama, kwa hiyo kiwango chenyewe ni 0.1, kile cha jeni la kawaida ni 0.9, na wabebaji ni mara mbili ya 0.1 kwa 0.9, yaani 0.18, watu 18 kati ya 100. Miongoni mwa majibu utakuta 0.09 kwa ajili ya yule aliyesahau kuzidisha kwa mbili, na 0.1 kwa ajili ya yule aliyeishia katikati. Na swali linalofuata linaweza kukuuliza kwa nini jeni lenye madhara kama hilo halitoweki. Hapo ndipo ukumbuke kwamba Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alionyesha mwaka 1954 kwamba wenye jeni moja tu la sikoseli wana kinga fulani dhidi ya malaria. Kwa mtu anayeijua Kyela yenye joto na mbu kando ya Ziwa Nyasa, na anayeijua pia baridi ya Makete, si vigumu kuelewa kwa nini uteuzi wa asili unaweza kulilinda jeni mahali fulani na kuliacha lipungue mahali pengine.

Fungu hilo la tatu ndilo ningekuanzishia, isipokuwa makosa yako yaseme vinginevyo. Wanafunzi wetu hulidharau kwa sababu linasomeka kama hadithi; mtu anapitia ekolojia mara moja, anaona ameelewa, anageuza ukurasa. Maswali yake hayako hivyo. Yanakupa mchoro wa idadi ya viumbe ikipanda na kusimama, na kukuuliza kinachoizuia. Yanakupa jedwali la nishati katika ngazi za ulishaji. Yanakuelezea ndege anayelisha kinda lisilo lake na kukuuliza tabia hiyo inaitwaje. Na wewe unaishi mahali ambapo mifano imekuzunguka. Katika misitu ya Mlima Rungwe, juu ya mji wako, yupo kipunji, kima ambaye sayansi ilimtangaza mwaka 2005, na ambaye anapatikana huko, katika misitu ya jirani ya Livingstone na katika msitu wa Ndundulu kwenye Milima ya Udzungwa. Mwanzoni watafiti walimweka katika jenasi moja, yaani kundi moja la viumbe wa karibu, na aina fulani za kima waitwao mangabe, kwa kumtazama umbo. Baadaye mmoja alipatikana amekufa katika mtego wa mkulima, DNA yake ikachunguzwa, ikaonekana kwamba ana undugu wa karibu zaidi na nyani wakubwa wa savana, na mwaka 2006 akapewa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus. Ukikutana na swali linalouliza ni ushahidi gani unaoamua undugu wa viumbe pale umbo linapodanganya, hutahitaji kukumbuka ukurasa.

Katika fungu la pili, kazi ambayo mama anataka uiache ni maabara yako. Jiulize kwa nini parachichi haliivi likiwa mtini, bali huanza kulainika baada ya kuchumwa. Hapo umeingia katika homoni za mimea, kwa maana tunda likishachumwa huanza kutoa gesi ya ethilini, ethilini huamsha uivaji, na upumuaji wa seli zake hupanda. Ndizi mbivu ukiiweka kwenye kreti moja na parachichi bichi unaharakisha jambo hilo hilo. Chumba cha baridi kinalichelewesha, kwa kuwa vimeng'enya hufanya kazi taratibu joto linaposhuka. Kisha litazame ua. Ua la parachichi la Hass hufunguka asubuhi likiwa katika hali ya kike, tayari kupokea chavua, hujifunga, kisha hufunguka tena mchana wa kesho yake likiwa katika hali ya kiume, likitoa chavua. La Fuerte linakwenda kinyume chake: la kike mchana, la kiume asubuhi inayofuata. Ndiyo maana mkulima akichanganya aina hizo mbili shambani anapata uchavushaji bora, na ndiyo maana ua moja haliwezi kujichavusha kirahisi. Sasa jiulize swali la urithi: kwa nini miche yote ya Hass iliyobebeshwa huzaa tunda la aina moja, ilhali ukipanda kokwa la Hass hujui utakachovuna? Ukiweza kulieleza hilo kwa kutumia mitosisi (mgawanyiko wa seli unaotoa nakala sawa) na meyosisi (ule unaotengeneza seli za uzazi), katika sentensi tatu, bila kutazama daftari, mada hiyo umeimaliza, hata kama kurasa zake hukuzigusa.

Kuhusu daftari lako la muhtasari, liache. Kunakili kitabu kwa mkono kunampa mtu hisia ya kazi, na ndiyo sababu sura ya kwanza inafutika unapoingia ya tatu: hujawahi kujiuliza swali lolote juu yake. Anza daftari jingine, la makosa, lenye swali upande wa kushoto na jibu upande wa kulia, ili uweze kufunika upande mmoja kwa karatasi. Kila swali unalolikosa liingie humo kwa maneno yako. Ulirudie kesho yake, ulirudie baada ya siku chache, kisha baada ya juma moja au mawili. Ukilipata mara zote hizo, lipige mstari. Daftari hilo ndilo la siku za magari ya mzigo. Usiku ambao umerudi hoi usifungue mada mpya wala usijiandikie deni; lipe daftari la makosa dakika ishirini, ulale. Mada mpya zipewe jioni zisizo na mzigo, muda wa saa mbili hivi, na Jumapili baada ya ibada iwe siku ya maswali tu.

Kwa miezi uliyo nayo ningegawa hivi. Machi hii ifanyie jaribio la kwanza, na ushughulikie mageuko na ekolojia. Aprili na nusu ya Mei zichukuliwe na urithi, mimea na mifumo ya mwili wa mnyama, na hapo usijidanganye na mfumo wa kinga, homoni na figo, ambazo hazisomeki kwa haraka. Nusu ya pili ya Mei na Juni urudi katika seli, ukisoma tu yale ambayo makosa yako yameyataja. Kwa mtu wa PCB, nadhani itakuwa upumuaji wa seli na usanisinuru, kwa sababu wengi hukariri majina ya hatua bila kujua nishati inaingia wapi na kutoka wapi. Julai isiwe na mada mpya. Iwe ya majaribio kamili, maswali 115 kwa dakika 90, na kati ya jaribio na jaribio ukae na daftari. Mwishoni mwa kila mwezi fanya jaribio moja, na matokeo yake yabadilishe mpango huu bila kunionea haya: fungu lililopanda lipunguzie muda, lililobaki chini liongezee.

Baadhi ya majaribio hayo uyafanye kwenye kompyuta. Kusoma mchoro kwenye kioo, kuliwekea swali alama na kulirudia baadaye, na kuona saa ikihesabu kwenda chini ni mambo yanayomla mtu dakika kama hajayazoea. Kama baba mdogo ana kompyuta, Jumamosi moja moja Mbeya inatosha; kama hana, kodi saa mbili mahali pa intaneti palipo na utulivu. Na ukihitaji kitabu cha pili, usinunue. OpenStax, mradi wa Chuo Kikuu cha Rice cha Houston, hutoa kitabu cha biolojia cha kiwango cha chuo bila malipo, ambacho unaweza kukipakua mara moja kwenye simu ukiwa na bando na kukisoma hata umeme ukikatika.

Sasa nyumbani. Kaka ana hoja kiasi: mengi ya fungu la kwanza unayajua, na jaribio la mwanzo litakuonyesha ni mengi kiasi gani, lakini C ya miaka miwili iliyopita haijibu maswali 115 yenyewe. Mama mweleze kwa heshima kwamba huhitaji kuacha kazi. Mwombe badala yake akuachie jioni tatu au nne za juma zisizo na mzigo, na kuanzia katikati ya Julai akupunguzie zaidi. Naye binamu mwambie asubiri. Usilipie tuisheni ya miezi mitano kwa mwalimu atakayekufundisha kwa muhtasari wa NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, kwa kuwa kazi ya vitendo na insha hazimo katika mtihani wako, na nauli ya Tukuyu hadi Mwanjelwa kwenda na kurudi itakula kile unachotaka kuokoa. Ikiwa jaribio la Mei litaonyesha kwamba bado unakosa maswali ya urithi yale yale, hapo mtafute mwalimu huyo, umpelekee daftari lako la makosa, na umlipe kwa vipindi viwili au vitatu vya mada hiyo tu.

Barua ya msajili iende kabla ya Ijumaa, kwa sababu ofisi hizo hazijibu upesi. Ikija na jibu la kidato cha sita kukubaliwa, niandikie tena na orodha ya masomo ya lazima ya mwaka wa kwanza, tuone ni mtihani gani mwingine unaofaa.